Saa ya Mgonjwa Namba Kumi na Tisa

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, na umpe Shemeji zake, na watoto nao uwape zao, kila mmoja kwa kadiri yake. Kifua chako kinaendeleaje? Tulipoongea kwenye simu nilikusikia ukikohoa kila baada ya maneno matatu, ukasema ni vumbi tu la kiwandani. Tafadhali usilipuuze hilo vumbi. Mimi mwili wangu hauna neno. Nimekonda kidogo, lakini nguo zangu zilikuwa zimeanza kunibana, kwa hiyo sasa zinanikaa vizuri.

Mama anaendelea. Juzi alishika kijiko kwa mkono wa kulia, akakifikisha karibu kabisa na mdomo, kisha kikamponyoka, akacheka. Upande mmoja wa uso bado haucheki pamoja na mwenzake, ila sisi tuliomzoea tunajua kuwa ni kicheko. Maneno yanakuja moja moja. Anasema “maji”, anasema “hapana”, na jana alimwambia jirani yake wa kitandani “nyamaza”, maana yule mama huongea tangu kunapokucha bila kuvuta pumzi. Wodi nzima ilimshukuru. Mtaalamu wa mazoezi anasema mguu utatangulia na mkono utafuata, tusiwe na haraka.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Kwenye simu wewe husema “haloo, upo?” nami huwa nipo, lakini sauti haitoki, mpaka inakatika. Nina jambo la kukueleza, na ninataka ulisome lote bila kunikatiza kwa pole. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo la maabara, ni wakati wa chakula cha mchana, na hakuna anayepita hapa isipokuwa wanaovuta sigara.

Nianze na kazi yenyewe. Uliposikia kwamba nimepata kibarua hospitali wakati nasubiri matokeo ya mtihani, ulifurahi ukasema nitavaa koti jeupe. Koti ni jeupe kweli, ila mikono yake inanifunika vidole. Kazi yangu ni mkojo. Kila asubuhi napita wodi ya wagonjwa wa kiharusi na kikapu cha vikopo vyenye vifuniko, naandika namba na saa kwenye kila lebo, navifunika visipigwe na mwanga, navipeleka maabara kabla barafu haijayeyuka. Damu huchukuliwa na muuguzi. Mimi nabeba tu vichupa na kuvigeuza juu chini mara nane, taratibu, bila kuvitikisa. Aliyenifundisha kuvigeuza ni mtaalamu wa maabara, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye wote wanamwita Barafu kwa sababu huwezi kumkuta mikono mitupu bila boksi lake la barafu. Amefanya kazi hapa miaka ishirini na mbili. Siku ya kwanza aliniambia kwamba anayetikisa damu anaipasua, na kwamba kama nimekuja kutikisa nirudi nyumbani nikatikise mafuta ya nywele.

Utafiti wenyewe ni huu. Sehemu ya ubongo ikikosa damu, seli zake huumia, na zikiumia huvujisha vitu fulani ambavyo huingia kwenye damu, na baadhi hutoka kwa mkojo. Wanaviita viashiria. Saa za mwanzo huwa vichache, kisha huongezeka. Mkuu wa utafiti anataka kuonyesha kwamba ukiwa na kichupa cha damu na kikopo cha mkojo unaweza kujua kiharusi kilianza saa ngapi na kimeharibu kiasi gani, hata kama mgonjwa hawezi kusema lolote. Ni wazo zuri, Dada. Wazo silidharau. Namdharau mwenye nalo.

Wauguzi wanamwita Bwana Sampuli, na akiingia kwenye chumba chao hufichana vikombe vya chai wakisema asije akavichukua kwenda kuvipima. Ni daktari mkubwa, viatu vyake vinang’aa mpaka taa za dari zinaonekana humo. Akifika kwenye kitanda hutazama kwanza mfuko wa mkojo unaoning’inia chini, halafu karatasi, halafu saa yake, na uso wa mgonjwa ukibahatika huwa wa nne. Hajawahi kumwita Mama yetu “Mama fulani” wala “mgonjwa wangu”. Humwita Kumi na Tisa. Kuna mzee alifariki siku ya pili tangu aletwe, na mkewe alikuwa bado amemshika mguu, Bwana Sampuli akamnong’oneza muuguzi kumuuliza kama mkojo wa asubuhi uliwahi kupatikana. Muuguzi akajibu kwamba ulipatikana. Basi akashukuru, tena kwa dhati, nikaona macho yake yamelainika. Kila Jumatatu hutukusanya na kutuambia kwamba sisi ni familia moja, halafu anapotoka hujipaka dawa ya mikono kwa sababu tumemsalimia.

Mimi alinichukua kwa sababu ya mwandiko. Mama alipokuwa na wiki mbili wodini, Bwana Sampuli aliniona nikiandika muda wa dawa zake kwenye daftari, akalichukua bila kuomba, akalipekua, akasema tangu aanze utafiti hajaona saa zilizoandikwa kwa usafi namna ile. Tangu siku hiyo, pamoja na vikopo, kazi yangu ikawa kuwauliza ndugu swali la mstari wa tatu kwenye fomu: mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Si saa aliyoanguka, maana wengi hawakuonekana wakianguka. Saa ya mwisho ambayo mtu aliyekuwa naye anaweza kuapa kwamba alizungumza vizuri, alitembea vizuri, uso wake ulikuwa sawa. Kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo. Swali la mtoto mdogo, lakini hutaamini watu wanavyolijibu.

Mama mmoja aliyejipodoa vizuri aliniambia kwamba mumewe alikuwa mzima saa nne, akanywa uji, akafanya mzaha. Binti yao aliyesimama kando akatazama sakafu. Kijana mwenye tai alisema baba yake ameanguka sasa hivi tu, wakati matapishi yalikuwa yameshakauka kwenye shati la yule mzee yakawa kama gundi. Kwake kila kitu kilikuwa sasa hivi tu. Mwingine alimgombeza mdogo wake mbele yangu ili ataje saa ambayo inamfaa yeye. Nilikuwa nawaandikia saa zao kwa mwandiko wangu mzuri, nimeinamisha kichwa, huku moyoni nawatazama kama uchafu uliokwama kwenye soli. Nilimwambia Barafu kwamba sielewi mtu mzima anawezaje kusema uongo mbele ya mgonjwa anayekoroma. Barafu akasema nipunguze kuhukumu niongeze barafu, boksi limeshaanza kuvuja.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Wiki iliyopita mashine zilimaliza kupima sampuli za wagonjwa arobaini wa kwanza. Bwana Sampuli alitundika karatasi kubwa ukutani. Kila mgonjwa ni nukta. Ukienda kulia ni saa zilizopita tangu aonekane mzima, ukipanda juu ni kiasi cha viashiria. Nukta zilipanda kama watu wanaopanda mlima kwa mstari, wengine wamepotoka kidogo huku na kule, isipokuwa moja iliyokuwa peke yake juu kabisa upande wa kushoto, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mtu. Damu yake ilisema hivyo, na mkojo wake ukasema vilevile. Ilikuwa namba kumi na tisa.

Bwana Sampuli aliisimamia ile nukta siku nzima. Anakwenda kuisoma karatasi hiyo mbele ya kongamano la madaktari mwezi ujao, na hataki waione nukta hiyo. Akaamua kwamba haiwezekani mtu aliyefika hospitali saa mbili tu tangu aonekane mzima awe na viashiria vya mtu aliyeumia tangu asubuhi. Kwa hiyo, akasema, vichupa vimechanganywa: lebo ya siku ya kwanza imebandikwa kwenye sampuli ya siku ya pili. Na mbandikaji wakati ule, kabla sijaja mimi, alikuwa Barafu.

Barafu alikataa. Alitoa daftari lake, akaonyesha saa ya kupokea, saa ya kuzungusha kwenye mashine, rafu aliyoviweka, kila kitu. Akamwambia kwamba vichupa havina midomo, kama anamtafuta aliyesema uongo akamtafute mwenye mdomo. Bwana Sampuli akajibu kwamba aliyetoa saa ya mgonjwa huyo anamfahamu, ni yule binti mwenye mwandiko, mtoto mwenye haya ambaye hata kukutazama usoni hawezi, na mtoto wa namna hiyo hasemi uongo. Nilikuwa mlangoni na kikapu changu. Mzee wa miaka ishirini na mbili kazini, Dada, na daktari mwenye vyeti vilivyojaa ukutani alipomweka kwenye mizani na mimi, akanichagua mimi kwa sababu naona haya. Alidhani haya ni ukweli. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau dakika ile, na sijawahi kuogopa namna ile asije akafumbua macho.

Barafu alishapewa onyo mwaka juzi kwa sababu ya friza iliyozimika usiku wa zamu yake. Onyo la pili ni kuondoka. Wauguzi walisema barua imeshachapwa, atapewa Jumatano. Yeye aliendelea kufanya kazi kama kawaida, ila aliacha kunitania, na Jumatatu nilimwona akizifuta rafu zake moja moja kwa kitambaa, rafu ambazo hazikuwa na vumbi.

Dada, hakuna kichupa kilichochanganywa. Saa niliyoitoa mimi ndiyo ya uongo.

Niliwaambia kwamba niliachana na Mama saa sita mchana akiwa mzima. Hivyo ndivyo nilivyokuambia na wewe, na ndivyo unavyowasimulia watu mpaka leo, kwamba mdogo wako alitoka kidogo tu, akarudi, akamkuta chini, akampakia kwenye gari la jirani na kumfikisha saa nane. Nilitoka nyumbani saa moja asubuhi. Na nilipotoka hakuwa mzima.

Siku iliyotangulia alikuja mgeni, rafiki yake wa zamani, akaniuliza nataka kusomea nini. Nikajibu, lakini yule mama hakusikia, akaniuliza tena, nikajibu tena, naye Mama akasema mbele yake kwamba huyu mtoto maneno anayatoa kama anayapima kwenye kijiko cha dawa. Wakacheka. Unajua Mama anavyoniigiza: anavuta mdomo pembeni, anamumunya maneno, anasema hivi ndivyo unavyosikika, fungua mdomo mwanangu. Anafanya hivyo tangu nikiwa darasa la pili, na anafikiri ananisaidia. Nililala nimenuna.

Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni. Nikamuuliza kama nimpikie chai au ameshakunywa. Akanigeukia, mdomo umevutwa pembeni, akamumunya kitu kisichoeleweka. Nikadhani ananiigiza. Nilidhani amesubiri nijitokeze tu aanze upya. Chai ilikuwa imemwagika mezani, niliiona. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama si wake, nao niliuona. Akaninyooshea wa kushoto na kumumunya tena, kwa nguvu zaidi. Nikamwambia, kwa sauti ambayo nadhani sijawahi kuitoa maishani, ajichekeshe mwenyewe basi, mimi nimechoka. Nikachukua mkoba, nikafunga mlango.

Nilikwenda kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, nikakaa kwao asubuhi nzima. Na nilikuwa na furaha, Dada. Nilimsimulia kwamba leo nimemjibu Mama. Niliporudi saa saba na nusu nilimkuta sakafuni, kati ya kiti na mlango, sketi imelowa. Hapo hapakuwa mahali alipoangukia. Alikuwa amejivuta.

Hospitali daktari wa mapokezi akaniuliza nilimwona mzima saa ngapi. Nikafungua mdomo ikatoka saa sita. Sikuwa nimeipanga. Akasema safi sana, umemwahisha, akaagiza haraka sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Famasi wakajibu kwamba imekwisha tangu juma lililotangulia. Nililia, niliwalaani wale watu wa famasi. Nilipoanza kazi hapa ndipo nikaelewa kwamba sindano ile hupewa aliyefika mapema tu, na kwamba akipewa aliyechelewa inaweza kumwagia damu ndani ya ubongo. Kabati tupu ndilo lililonizuia nisimuue Mama kwa mdomo wangu.

Kisha mkaanza kunisifu. Jirani, mchungaji wa wodi, wewe. Na mimi nikavaa koti na kuwadharau wake na watoto wa watu kwa kosa lilelile, tofauti ikiwa kwamba wao walitetemeka waliposema na mimi niliandika vizuri.

Jumatano asubuhi nilipeleka vikopo, nikamwona Barafu akiingia ofisini kwa Bwana Sampuli amevaa shati la kutokea. Nikagonga mlango. Barua ilikuwa mezani kati yao. Nikasema nilichokuja kusema, na Bwana Sampuli akaniambia niongeze sauti, hasikii. Nikasema tena, nikamtazama usoni, kwamba saa sita ni uongo, Mama alikuwa ameshaharibika mdomo na mkono saa moja asubuhi, na jana yake jioni ndipo alipokuwa mzima kabisa, saa tatu alipokwenda kulala.

Nilitegemea kufokewa. Unajua alifanya nini? Uso ulimng’aa. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza Mama aliteseka vipi zile saa zote. Aliuliza kama ni saa tatu kamili au na dakika. Akaigeukia kompyuta, akaandika namba, na ile nukta ikasogea kulia, ikaenda kuketi na wenzake. Akapiga makofi mara moja. Akamwambia Barafu kwamba basi mzee, mambo yameisha, kana kwamba yalikuwa yamejianzisha yenyewe. Ile barua hakuichana. Aliikunja vizuri akaiweka kwenye droo, labda itafaa siku nyingine. Mimi akanipigapiga begani, akanisifu kwa ukweli wangu. Akasema kwenye kongamano atawaeleza jinsi damu na mkojo vilivyomshinda shahidi. Shahidi ni mimi, Dada. Niliviangalia viatu vyake vinavyong’aa nikataka kuvitapikia.

Tulirudi maabara na Barafu. Akatoa fomu ya Mama kwenye faili, akaniwekea mezani na kalamu. Akasema hapa hawafuti, wala hawachani. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaandika iliyo sahihi pembeni, unatia sahihi na tarehe. Nikapiga mstari juu ya saa sita. Mwandiko ulikuwa mbaya. Chini kuna nafasi ya sababu ya marekebisho. Nikaandika kwamba ndugu wa mgonjwa alisema uongo. Akainama, akasoma kupitia miwani yake yenye uzi, akasema haitoshi, fomu inataka uhusiano. Nikaongeza: binti yake.

Akaifunga faili. Hakunipa mkono wala hakuninunia. Alisema tu kwamba mstari wa tatu asinione nikiuuliza tena, watauuliza wauguzi, na mimi nibaki na vikopo vyangu. Nimekubali. Leo asubuhi yule mama aliyejipodoa alinisalimia kwenye korido, nikashindwa kumtazama, na safari hii si kwa haya.

Mama sijamwambia kitu. Alikuwepo. Kila nikimlisha ananitazama kwa lile jicho zima, na mimi sijui anakumbuka kiasi gani. Maneno yake yanarudi moja moja, na kila jioni naogopa ni lipi litafuata, lakini sitaondoka pale kitandani.

Nakuomba uache kuwasimulia watu kwamba mimi nilimwokoa. Wale ulioshawaambia, uwaambie upya. Kama hutataka kuongea nami kwa muda nitaelewa, ila kwa Mama usiache kupiga simu. Ukimwita anageuza kichwa.

Wasalimie watoto, na mdogo umwambie ile picha aliyonichorea nimeibandika ubavuni mwa kitanda cha Bibi yake. Shemeji naye umsalimie sana, na umsomee barua hii ukiona inafaa, sitaona vibaya. Nenda ukapimwe hicho kifua. Jirani anakusalimu, mtaalamu wa mazoezi naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Nikomee hapa, muda wa chakula umekwisha na vikopo vya mchana havijakusanywa.

Ni mimi mdogo wako,
aliyeondoka saa moja.